Sura ya Sita: Nani Kaligundua Gari Hili?

Gari la kale lililofungiwa bandani lina bei mbili, na mara nyingi bei kubwa ni ya gari chafu. Tarehe 6 Februari 2015, jijini Paris, kampuni ya mnada ya Artcurial iliuza magari 59 ya familia ya Baillon kutoka magharibi mwa Ufaransa. Hayakuoshwa. Baadhi yalikuwa yameliwa na kutu hadi milango haina pa kushikia, na vumbi lake lililindwa njia nzima kama sehemu ya mali. Ferrari 250 GT California Spyder iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon ilikutwa imefunikwa na marundo ya magazeti. Ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16.

Vyombo vya habari viliandika kwamba hazina imegunduliwa. Imegunduliwa na nani? Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji, aliyakusanya magari hayo mwenyewe kuanzia miaka ya 1950 akiwa na ndoto ya kufungua makumbusho. Biashara ilipoyumba katika miaka ya 1970 akalazimika kuuza baadhi, na yaliyosalia yakabaki kwenye mabanda ya shambani. Familia iliyajua miaka yote hiyo. Wajukuu ndio waliowaita wataalamu wa mnada waje kuyatazama. Wataalamu hao walipigiwa simu, wakapewa anwani, wakafunguliwa mlango.

Sijasimulia haya ili kuwabeza. Walifanya kazi kubwa, nasi tutaona baadaye ni ipi. Ila ukitaka kujua kugundua gari ni nini hasa, Paris haikufai sana, maana pale fedha zinapiga kelele kuliko magari. Twende Durban.

Chumvi na mawe manne

Mtu wa Mombasa au Tanga hahitaji kusimuliwa habari za kutu. Durban ni yaleyale: joto, unyevunyevu, mvua kubwa za Desemba na Januari, na upepo wa Bahari ya Hindi unaopandisha chumvi hadi vilimani Berea. Kule Karoo, nyika kame ya ndani ya Afrika Kusini, gari linaweza kutelekezwa miaka thelathini na sakafu yake ikabaki. Durban halidumu hivyo. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya mazulia ambako maji yakiingia hayatoki, ndani ya vizingiti vya milango, kwenye kona za buti, nyuma ya taa za mbele ambako tope kavu linanyonya unyevu kila usiku. Rangi ya nje inaweza kung'aa vizuri tu, na fundi wa bodi akisukuma bisibisi sakafuni ikatokea upande wa pili.

Kwa sababu hiyo Durban inatufundisha jambo ambalo nchi kavu haiwezi kutufundisha. Gari la mwaka 1960 lililofika leo likiwa zima katika mji huu halikufika kwa bahati. Kuna mtu alilipandisha juu ya mawe ili matairi yasibebe uzito. Alitoa betri kabla haijavuja tindikali. Alifungua plagi akamimina oili kidogo katika kila silinda, kisha akazirudisha kwa vidole bila kuzikaza. Akaja tena na tena kufungua mlango ili hewa ipite. Ukiingia na tochi ukaziona dalili hizo, umekwisha kujua jambo kubwa kuliko aina ya gari: lilikuwa na mtunzaji, na mtunzaji alikuwa na sababu. Katika pwani yenye chumvi, gari lililosalimika ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyelijua siku zote.

Dalili nyingine hutaja tarehe. Anza na kioo cha mbele, pembeni chini, upande wa kushoto: pale hubandikwa karatasi ya duara ya leseni yenye namba ya gari na siku ya mwisho wa leseni. Wino hufifia lakini mara nyingi husomeka ukiulaza mwanga wa tochi. Nenda kwenye dashibodi. Ikiwa inahesabu maili, basi yaelekea gari lilitengenezwa kabla Afrika Kusini haijahamia kilomita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tazama kibao cha namba: ND ni Natal, Durban, herufi zilizodumu hata baada ya jimbo kubadili jina, na ni Desemba 2023 tu KwaZulu-Natal ilipoanza kutoa namba mpya zinazoishia na ZN. Kama kuna gazeti lililotandikwa chini ya injini kupokea oili inayodondoka, lichukue taratibu usome tarehe yake. Nusa tangi: petroli iliyolala miongo hugeuka utomvu mzito wenye harufu ya rangi iliyochacha, na harufu hiyo haipatikani kwa mwaka mmoja wala miwili.

Na kama banda liko kusini, nyanda za chini za Isipingo au Prospecton, tafuta mstari wa maji ukutani. Aprili 2022 mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 400 yaliingia hadi kiwanda cha Toyota pale Prospecton, na magari mapya zaidi ya 4,000 yakapelekwa kuharibiwa badala ya kuuzwa. Mtu anayekuambia gari lake la bondeni halijaguswa na kitu tangu 1975 akuonyeshe kwanza lilikuwa wapi mwezi ule.

Samaki wa Domoni

Swali la nani aligundua nini liliwahi kupita bandarini Durban, na halikuhusu gari. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1952 meli ya Dunnottar Castle ilikuwa imetia nanga hapo. Ndani yake alikuwamo J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, akirudi na mkewe Margaret kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Akaletewa ujumbe wa simu kutoka kwa nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara katika visiwa vya Komoro na ambaye akina Smith walikutana naye Zanzibar. Hunt alisema anaye silikanti.

Kwa sayansi, silikanti alikuwa samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipoonekana East London mwaka 1938, ambako Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo alimtambua kuwa si wa kawaida. Smith alikuwa amemtafuta wa pili kwa miaka 14. Alitawanya pwani nzima karatasi zenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Ujumbe wa Hunt ulipofika, Waziri Mkuu D.F. Malan alimkopesha ndege ya kijeshi aina ya Dakota. Ikaruka kutoka Durban hadi Dzaoudzi, na Smith alipomwona samaki wake alilia.

Sasa rudi nyuma siku chache. Samaki yule alivuliwa na Ahamadi Abdallah karibu na Domoni, kisiwani Nzwani, akapelekwa sokoni. Wavuvi wa Komoro walimfahamu, wakimwita gombessa. Aliingia ndoanoni mara mojamoja na hakuwa na sifa kubwa ya utamu. Aliyegeuza habari ni mwalimu wa shule, Affane Mohamed, aliyemtazama samaki pale sokoni akaikumbuka picha ya kwenye karatasi ya Smith.

Mvuvi alimjua samaki bila kujua kwamba wataalamu wanamlilia. Mtaalamu alijua thamani yake bila kujua yuko wapi. Mwalimu alikuwa na nusu ya kila ujuzi, akaziunganisha pale pale mezani. Kwangu mimi, hapo ndipo ugunduzi ulipotokea, na kipimo hicho ndicho nitakachokitumia kwa magari: gari limegunduliwa siku anapokutana anayelijua kwa macho na anayelijua kwa namba. Kabla ya hapo lipo tu, na wenyewe wanalijua.

Hiyo ndiyo kazi ambayo wataalamu wa Paris waliifanya. Familia ya Baillon ilijua kuna Ferrari. Wao walijua ni Ferrari ipi.

Ghala la Ureno

Kinyume chake pia kinafaa kuangaliwa. Mwaka 2007 picha za ghala moja huko Ureno zilisambaa duniani: magari zaidi ya mia na nusu yamejipanga kimya, vumbi juu ya kila paa. Hadithi iliyoandamana nazo ilisema mtu fulani alinunua shamba, akakuta ghala ambalo mlango wake umechomelewa, akaufungua kwa msumeno wa chuma na kujikuta tajiri. Watu waliipenda hadithi hiyo kwa sababu kila mmoja alijiona yeye ndiye mwenye msumeno.

Tom Cotter, Mmarekani anayeandika vitabu kuhusu magari yaliyofichika, alifuatilia. Alichokikuta ni cha kawaida kabisa. Mwenye ghala alikuwa mfanyabiashara wa magari katika miaka ya 1970 na 1980, na kila alipopata gari lililomvutia aliliweka pembeni. Ghala lilipojaa akalifunga. Picha zilipigwa kwa idhini yake. Hapakuwa na mnunuzi mwenye bahati, na hapakuwa na kilichopotea.

Tatizo la hadithi ile si uongo wake peke yake. Ni kwamba ilimfuta mtu. Ili mgeni awe mgunduzi, mwenye mali alipaswa aondoke kwenye simulizi, afe au asahaulike. Ukianza kuchunguza habari za namna hii utaona zote zina nafasi moja tupu katikati, na ukiuliza kidogo utakuta ndipo alipokuwa amekaa mwenyewe, mkewe, dereva wake au fundi wake.

Ramani ya waliobaki

Ili gari likae bandani miaka hamsini, sharti kwanza nyumba ikae mikononi mwa familia moja miaka hamsini. Durban hili halikuwa la watu wote. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iligawa mji kwa rangi za watu, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 utekelezaji wake ukapamba moto. Cato Manor ilivunjwa. Waafrika wakapelekwa KwaMashu na Umlazi, Wahindi Chatsworth. Hata Wazanzibari wa Durban walihamishwa. Hao ni kizazi cha watumwa, wengi wao Wamakua, waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza na kushushwa Durban kuanzia 1873. Walikuwa wakiishi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa Msikiti wa Juma, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipohamishiwa Chatsworth.

Mtu anayepewa notisi ya kuhama na kupangiwa kijumba chenye ua mdogo hahami na gari bovu lililo juu ya mawe. Anamwachia jirani, anauza kwa bei ya chuma chakavu, au anaondoka na nyumba inasagwa na gari likiwamo. Ndiyo maana mtafutaji wa magari ya kale Durban hujikuta anagonga milango ya mitaa ileile: Berea, Glenwood, Morningside, mitaa iliyotengewa Wazungu, ambako banda la mwaka 1955 halikusogezwa na mtu. Anaporudi na picha nzuri anasema amepata bahati. Bahati hiyo iliandikwa kwenye ramani ya serikali.

Kuna upande wa pili wa ramani hiyo, nao ndio unaonivutia zaidi. Gari linaweza kuwa Berea na ujuzi wake ukawa KwaMashu. Nani aliliosha kila Jumamosi? Nani alibadilisha breki zake? Nani aliendesha watoto shule? Katika nyumba nyingi za enzi hizo jibu ni dereva, mtunza bustani au fundi aliyelala ng'ambo ya mji kwa sababu sheria haikumruhusu kulala karibu. Mjane mwenye nyumba anaweza kukwambia gari lilikuwa la bluu na marehemu alilipenda. Mzee wa KwaMashu atakwambia gia boksi ilibadilishwa, na iliyoingizwa ilitoka kwenye gari gani. Nimesoma simulizi nyingi za magari yaliyopatikana Afrika Kusini, na zinazomtaja huyu wa pili ni chache mno.

Namba kabla ya rangi

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea magari yaliyotumika kutoka Japani, atashangaa kidogo akifika Durban. Meli zinayashusha pale bandarini kwa wingi, lakini mengi hupita tu kwenda nchi jirani. Afrika Kusini kwa kawaida hairuhusu magari yaliyotumika yaingizwe kwa matumizi ya ndani. Kwa miongo mingi nchi hiyo iliunganisha magari yake yenyewe, na viwanda vyake vikawa na vituko vyao: magari ambayo hayakutengenezwa kwingine kokote duniani. Hayo ndiyo yanayofanya watu wagonge milango.

Ford Capri Perana, kazi ya Basil Green wa Johannesburg, ilikuwa Capri ya kawaida iliyotolewa injini yake na kuwekewa V8 ya lita 5. General Motors nao, kwa mawazo ya mwanamashindano Basil van Rooyen, wakachukua Chevrolet Firenza na kuiwekea V8 ya Camaro Z28. Zilitengenezwa 100 mwaka 1973 na kuitwa Can-Am. Mwaka huohuo mafuta yalipanda bei duniani, serikali ikapunguza mwendo barabarani na saa za kuuza petroli, na gari la namna hiyo likawa mzigo kwa mwenye nalo. Gari linalokunywa petroli kupita kiasi, lisilouzika na lisilotupika, ndilo hasa linaloishia chini ya turubai.

Lakini Can-Am ilikuwa Firenza kabla ya kuwa Can-Am. Mtu mwenye Firenza, injini ya V8 na fundi hodari anaweza kujitengenezea ya kwake, na wapo waliofanya hivyo bila nia mbaya, kwa mapenzi tu. Kwa hiyo banda likifunguliwa na rangi nyeupe na mistari myeusi ikaonekana, bado hatujajua lolote. Tunajua siku namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi inapolinganishwa na kumbukumbu za zile 100.

BMW 333i inafundisha somo hilohilo kwa njia nyepesi. Zilitengenezwa 204 katika kiwanda cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kati ya 1985 na 1987. Injini ya lita 3.2 ilijaza sehemu ya mbele kiasi kwamba mnunuzi alichagua kimoja: kiyoyozi au usukani mwepesi. Vyote viwili havikuenea. Ukiikuta moja Durban yenye kiyoyozi, unaelewa mwenyewe aliwaza nini. Ukiikuta ina vyote viwili, kuna mkono wa fundi uliopita baadaye, na kazi yako inaanza hapo.

Mfano mzito kuliko yote ni gari ambalo bei yake hakuna anayeweza kuikadiria. Tarehe 5 Agosti 1962 Nelson Mandela aliondoka Durban kuelekea Johannesburg katika gari aina ya Austin la Cecil Williams, mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Alikuwa akijificha kwa miezi mingi, na alijiita David Motsamayi, dereva wa Mzungu huyo. Hila hiyo ilifaa kwa sababu ya desturi ya nchi: Mwafrika nyuma ya usukani wa gari zuri alihesabiwa kuwa dereva wa mtu. Karibu na Howick polisi waliwasimamisha, na kifungo kilichoanzia hapo kiliisha mwaka 1990. Leo mahali hapo pana sanamu ya Marco Cianfanelli ya nguzo 50 za chuma, iliyozinduliwa mwaka 2012. Ukisimama mahali sahihi, nguzo zinaungana kuwa sura ya Mandela.

Tuseme kesho banda linafunguliwa Durban na ndani imo Austin ya miaka ileile. Ni gari la kale, basi. Ili iwe Austin ile, lazima kitabu cha usajili kimtaje Williams, na namba zilizomo kitabuni zilingane na zilizogongwa kwenye chesi na injini. Magari mawili pacha yanaweza kusimama ubavu kwa ubavu, yana kutu sawasawa, moja likawa la makumbusho na jingine la spea. Macho hayatofautishi. Ndiyo maana nasema kwamba mtu aliyekaa ofisini akafukua faili lenye namba anaweza kuwa amegundua zaidi ya yule aliyeuvunja mlango.

Gari ni la nani

Wapo wanaodhani kuligundua gari kunakupa haki fulani juu yake. Sheria ya Afrika Kusini haisemi hivyo. Kitu kilichotupwa na mwenyewe kwa nia ya kuachana nacho kabisa kinaweza kuchukuliwa na wa kwanza kukishika. Ila turubai, kufuli na mawe manne chini ya ekseli ni dalili za nia iliyo kinyume kabisa: mtu huyu alikusudia kurudi.

Kukalia mali ya mwingine hadi iwe yako nako kunawezekana, lakini Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1969 inadai miaka 30 mfululizo ya kuishika waziwazi kama mwenye mali. Mwenye nyumba ambaye mpangaji wake alihamia Australia akamwachia gari bandani hawi mwenye gari kwa kuchoka kulitazama. Na kama gari liliibwa, mwenyewe anaweza kulidai hata kwa mnunuzi aliyelinunua kwa moyo safi.

Ikiwa mwenye gari amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyepewa barua na ofisi ya Mahakama Kuu inayosimamia mirathi, siyo mtoto aliyebaki na funguo. Urithi mdogo, usiozidi randi 250,000, una utaratibu mwepesi zaidi, lakini nao unahitaji barua. Kisha kuna cheti cha usajili, ambacho kinaweza kuwa na majina mawili: mwenye hati na mmiliki. Gari lililonunuliwa kwa mkopo hati yake ni ya benki, hata kama limelala bandani tangu mkopo usahaulike. Ongeza deni la leseni na faini zake, ongeza ukaguzi wa polisi wa namba za chesi na injini, na utaelewa kwa nini magari mengi mazuri hurudi kufunikwa turubai baada ya mtafutaji kuondoka.

Sheria hizi zinaweza kuonekana kama vikwazo. Ukizitazama vizuri, zinadai kile kile ambacho ugunduzi wa kweli unadai. Zinauliza lilikuwa la nani, lilifikaje hapa, nani alilijua, namba zinasemaje. Aliyeyajibu hayo mbele ya karani wa usajili amekwisha kuandika nusu ya historia ya gari lake.

Karatasi kabla ya kitambaa

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30 na likiwa limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Msimamo wake katika Mkataba wa Turin ni kwamba alama za maisha ya gari ni sehemu ya gari. Kwa hiyo mtu anayefungua banda kisha akachukua ndoo na kitambaa amekwisha kuharibu kitu. Vumbi lina mpangilio: linaonyesha mlango upi ulifunguliwa mwisho, kiti kipi kilikaliwa, boneti ilinyanyuliwa lini kuliko buti. Bugatti iliyotolewa Ziwa Maggiore mwaka 2009, baada ya kukaa majini miongo kadhaa, ilinunuliwa kwa zaidi ya euro 260,000 ikawekwa makumbusho ya Marekani vilevile ilivyo, imeoza ubavu mzima. Mnunuzi alielewa kwamba akiitengeneza atabaki na Bugatti nyingine tu.

Basi kazi ya kwanza ni kalamu. Andika namba ya kibao, tarehe ya duara la leseni, hesabu ya dashibodi, namba ya chesi, namba ya injini. Piga picha kabla ya kugusa. Kisha mgeukie mwenyeji. Durban mama mtu mzima wa Kihindi utamwita Anti, na mzee wa Kizulu utamwita Mkhulu. Heshima hiyo itakupatia habari ambazo fedha haitakupatia. Usiulize bei. Uliza, "Anti, nani aliliegesha hapa mara ya mwisho?" Uliza alikuwa akienda wapi na kwa nini hakulitoa tena. Uliza fundi alikuwa nani na sasa anakaa wapi, kisha panda gari lako uende huko, hata kama ni KwaMashu na mvua inanyesha.

Mwisho wa yote hayo utakuwa na karatasi yenye safu mbili: kile walichokijua waliolitunza, na kile zinachosema namba. Zikikutana mahali ambapo hazikuwahi kukutana, ikajulikana kwamba Firenza ya mzee fulani ni moja kati ya zile 100, umegundua gari, na majina ya waliokusaidia yanastahili kuandikwa kwenye faili lake mbele ya lako. Zisipokutana, unaweza bado kuwa umenunua gari zuri kwa bei nzuri. Hakuna aibu katika hilo. Lipeleke kwa fundi, lilipie leseni, liendeshe, na ukiulizwa umelipata wapi, taja mtu aliyekuuzia.